Epoksi na faiba kwenye boti ya mbao: inanata, inatoa mapovu, inabanduka, soma dalili kwanza

Wengi wanaouliza mambo ya epoksi (gundi ya maji ya sehemu mbili, resini na hadina ya kuigandisha, unachanganya unapaka) wanauliza ishaharibika, na suala huwa lile lile, "nipige koti jengine juu yake?" Jawabu karibu kila mara ni usipige, mpaka ujue kilichoharibu ni nini, manake epoksi inayonata ukiipaka epoksi nzima juu yake unapata ganda zuri limekaa juu ya uji, na boti ikishapigwa na jua wiki mbili pwani ndo utaona linavyovimba. Dalili moja inaweza kuwa na sababu tatu, na dawa ya sababu hii inaharibu zaidi ikiwa tatizo ni lile.

Nnayozungumzia hapa ni viboti vya plaiwudi vya kujitengenezea wenyewe, vya kuvulia au kutembelea, pamoja na mitumbwi na ngalawa ambazo siku hizi watu wanataka kuzivisha faiba, yaani kitambaa cha nyuzi za kioo kinacholoweshwa epoksi. Mashua za mbao za kupigilia zina maneno yake, nitayasema chini huko.

Jambo la mwanzo kabisa, usitupe kikombe ulichochanganyia. Kila mchanganyo acha kidogo chini, andika kwa maka saa ngapi na umepaka upande gani, weka pembeni. Watu wanaona uchafu lakini kile kikombe ndo shahidi wako kesho yake.

INANATA, HAIGANDI

Umepaka jana, leo ukigusa kidole kinashika. Kabla hujalaani dukani kwa watu, chukua kikombe. Kama na kilichomo kikombeni hakijaganda baada ya siku nzima basi vipimo vyako havikuwa sawa, hamna mjadala. Kama kikombeni kigumu kama kioo na kwenye boti kunanata sehemu sehemu tu, huku kugumu huku laini, basi vipimo vilikuwa sawa ila hukukoroga vizuri, ukafika chini ukakwangua zile za ukutani mwa kikombe ambazo hazikuchanganyika ukazipaka. Kama kikombeni kigumu na boti yote inanata sawa sawa, subiri kwanza, manake epoksi ikiwa nyingi pamoja inajipasha moto yenyewe inaganda haraka, ikitandazwa nyembamba inachelewa, khasa usiku wa kusi mwezi wa saba ambapo kibaridi kinaingia. Ipe siku mbili tatu, na mchana iweke boti kwenye joto (si jua la moja kwa moja ikiwa bado mbichi), mara nyingi inakamata yenyewe.

Kosa la vipimo hapa kwetu linatokana na mazoea ya poliesta, resini ya aina nyengine. Fundi aliyezoea boti za faiba za kawaida anajua resini unatia hadina kidogo tu, asilimia 1 au 2 hivi, ukiona jua kali unapunguza ukiona mvua unaongeza, na mambo yanakwenda. Epoksi haitaki mchezo huo kabisa. Hadina yake si kichocheo, ni sehemu ya mali yenyewe, inaungana na resini kwa kiasi maalumu, ikizidi inabaki haina wa kuungana nae na ikipungua vile vile, na katika hali zote mbili unapata kitu laini ambacho hakitakuja kukauka mpaka kiyama. Ukitaka iende haraka nunua hadina ya haraka, ukitaka polepole nunua ya polepole, lakini vipimo havibadiliki.

Halafu kuna hili la ujazo na uzito. Kopo limeandikwa 2 kwa 1, lakini kwa ujazo au kwa mizani? Resini kwa kawaida ni nzito kuliko hadina, kwa hiyo 2 kwa 1 ya kikombe si 2 kwa 1 ya mizani, ukipima kwa mizani kwa namba za ujazo unazidisha hadina. Nyengine ni 5 kwa 1, nyengine 3 kwa 1, soma kopo lako, usisome la jirani. Mie napenda mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu, kwa sababu kikombe cha plastiki kilichopinda kinadanganya, na kwa michanganyo midogo ndo kinadanganya zaidi.

Dawa yake: ile ambayo haitoganda, iondoe. Najua inauma, lakini hakuna njia ya mkato, usipake hadina tupu juu yake eti itaingia, haiingii. Kwangua kwa skrepa, ukiipasha kidogo kwa drai ya nywele inalegea inatoka vizuri, futa kwa asetoni na kitambaa safi ukibadilisha kitambaa kila mara, iache ikauke, piga msasa namba 80, anza upya. Zile sehemu sehemu ambazo hazikukorogwa, ondoa hizo tu. Na next taim ukimaliza kukoroga kikombe cha kwanza, mimina kwenye kikombe cha pili kisafi ukoroge tena, dakika mbili za kukoroga huku unakwangua pembeni na chini, hapo umemaliza habari ya madoa laini.

IMEGANDA LAKINI JUU KUNA MAFUTA MAFUTA

Hii Unguja na Pemba ndo ugonjwa wa nyumbani. Ukipitisha kidole kinateleza, kama kuna nta, mwanga unaonyesha ukungu hivi, na chini yake epoksi ni ngumu haina tatizo. Si kwamba haikuganda. Ni utando unaotoka pale hadina inapokutana na unyevu wa hewa na hewa ya ukaa kabla haijaganda, na sisi tunakaa kisiwani, unyevu hatuununui.

Wengi wanaharibu hapa hapa, wanachukua msasa moja kwa moja. Msasa hauondoi utando, unausambaza na kuuingiza kwenye mikwaruzo, na karatasi ya msasa inaziba baada ya mita moja, halafu wanachukua thina wanafuta, thina nayo inausogeza tu. Utando huu unayeyuka kwenye maji. Maji matamu (usitumie ya bahari utaongeza chumvi) na ule upande mgumu wa sponji ya kuoshea vyombo, sugua, suuza, futa kwa kitambaa kikavu, maji yakikaa sawa juu yake bila kujikusanya vidonge vidonge basi ushamaliza. Baada ya hapo ndo msasa, ndo koti jengine.

Kuna njia ya kuukwepa kwa kiasi. Koti la pili lipige wakati la kwanza halijawa gumu, ukibonyeza kidole kinaacha alama lakini hakitoki na kitu. Hapo makoti yanashikana yenyewe na huhitaji msasa. Ikishapita usiku ukalala, hesabu kwamba utando upo hata kama huuoni, osha.

Na ikinyesha juu ya epoksi mbichi unapata weupe kama maziwa. Usiogope sana, mara nyingi ni juu juu tu, osha, kausha, msasa mpaka weupe uishe, endelea.

KIKOMBE KINATOA MOSHI

Umechanganya nusu lita, umegeuka kumjibu mtu, unarudi kikombe kimeyeyuka na moshi unatoka. Epoksi inapoungana inatoa joto, na ikiwa nyingi kwenye kitu chembamba joto halina pa kutokea, linaharakisha zaidi, linazidi zaidi. Mafundi wanakadiria kwamba kila nyuzi joto 10 zikipanda muda wa kufanyia kazi unapungua nusu, sasa kopo limeandikwa dakika 30 kwa nyuzi 20 na wewe uko Mkokotoni saa sita mchana nyuzi 31, unabaki na chini ya dakika 15, na hizo umeshazila nusu kukoroga.

Changanya gramu 200 hivi kwa mara moja, ukimaliza kukoroga mimina kwenye trei pana, itandae. Tumia hadina ya polepole. Makopo yaweke kivulini tangu usiku. Na kikombe kilichoanza kupata moto usikitupe kwenye pipa lenye maranda na matambaa, kitoe nje kikae kwenye mchanga, moshi wake usiuvute.

MAPOVU NA VITUNDU

Sababu kubwa ni hewa iliyomo ndani ya mbao. Mbao ikipata joto hewa inatanuka inataka kutoka, na wewe umeshaifunika na epoksi laini, inasukuma, inatoka povu. Kwa hiyo ukipaka asubuhi saa mbili boti iko kivulini na baadae jua likaifikia, utapata vitundu kila mahali hata ufanye nini. Ukipaka wakati joto linashuka, mbao inavuta badala ya kupuliza, epoksi inaingia ndani, inashika zaidi.

Vitabuni wanakwambia basi paka jioni. Sawa, lakini vitabu havikuandikwa kwa ajili ya Nungwi. Ukianza baada ya Alasiri hapa, ikifika Isha umande unaanza kushuka na epoksi yako bado mbichi, umekimbia mapovu umeangukia kwenye utando. Nnavyoona mimi bora boti ikae kivulini siku nzima, isionje jua, uanze baada ya Adhuhuri joto likishafika kileleni, na koti la kwanza liwe jembamba la kuziba mbao tu bila kitambaa. Likikaribia kuganda ndo unalaza faiba. Mpaka magharibi limeshashika vya kutosha. Banda la makuti ni zuri kwa kivuli ila linamwaga vumbi na wadudu, funga turubai chini ya makuti, lakini liinamishe upande, manake umande unajikusanya chini ya turubai nao unadondoka alfajiri juu ya kazi yako.

Miezi nayo ina maneno yake. Masika, Machi mpaka Mei, mie nisingegusa kabisa kama sina banda la kufungwa. Januari na Februari kavu lakini joto kali, unafanya kidogo kidogo. Juni mpaka Septemba nzuri kuliko zote ila upepo wa kusi unaleta mchanga, ziba upande wa upepo.

Mapovu mengine unayaleta mwenyewe, rola umeikimbiza mno, au umekoroga kama unapiga mayai. Hayo yakiwa mabichi yapitishie ncha ya brashi kavu polepole au drai ya nywele kwa mbali. Yakishaganda, piga msasa yafunguke, jaza kwa epoksi iliyotiwa vumbi laini la mbao, msasa tena.

KITAMBAA KIMEBAKI CHEUPE

Faiba ikilowa vizuri inapotea, unaona mbao chini kama hamna kitu. Palipobaki weupe hapakulowa au pana hewa.

Suala la kwanza, umenunua faiba gani? Ukiingia dukani ukasema nataka faiba tu, kuna uwezekano mkubwa ukapewa mati, ile ya nyuzi fupi fupi zilizotawanywa zikagandishwa pamoja. Nyuzi za mati kwa kawaida zimegandishwa kwa unga au gundi inayoyeyuka kwenye poliesta, kwenye epoksi haiyeyuki sawa sawa, kwa hiyo mati inabaki ngumu, haikai kwenye kona, inabaki na weupe hata uimwagie kopo zima. Kwa epoksi taka kitambaa kilichofumwa, cha gramu 200 kwa mita ya mraba kinatosha kiboti kidogo, na uulize kama kinafaa kwa epoksi. Resini ya kukilowesha ni kama uzito wake mwenyewe na kidogo juu, halafu makoti mawili ya kujaza nyuzi zisionekane.

Kama kitambaa ndicho, basi ama epoksi ilishaanza kuwa nzito ukawa unalazimisha, ama umekwangua mno kwa kadi ukaondoa yote (watu wanasikia epoksi ghali wanabana mpaka kitambaa kinakauka), ama kitambaa kimekaa wazi kimeshika unyevu na vumbi. Kihifadhi kwenye nailoni, kikate kwa mikono mikavu.

Weupe mdogo kama sarafu, toboa vitundu viwili, kimoja ingiza epoksi kwa sirinji mpaka itokee cha pili, bonyeza. Weupe mkubwa kama kiganja, kata toa, msasa kingo ziwe zinashuka taratibu, weka kiraka kinachopita kingo kwa sentimita 5 kila upande. Weupe wa boti nzima, haya, pole.

IMEBANDUKA, AU UKIGONGA INAVUMA

Pita na sarafu unagonga boti yote. Palipo pazima sauti ni kavu na fupi, palipobanduka panavuma. Zungushia kwa penseli, utashangaa ramani inavyotokea, kama iko chini tu karibu na mkuku (ule uti wa chini wa boti) au kwenye maungio au kila mahali, hiyo ramani peke yake inakwambia mengi.

Sasa bandua kipande kimoja ugeuze uangalie mgongo wake. Hapa ndo kwenye elimu yote.

Mgongo una nyuzi za mbao zimekuja nao? Basi epoksi ilishika vizuri, mbao ndo iliyoachia. Ama ilikuwa imeoza, ama plaiwudi yako ni ile ya bei rahisi ambayo gundi ya ndani haihimili maji, matabaka yake yanaachana yenyewe. Hapo hata ungepaka epoksi ya Ulaya ya bei gani isingesaidia. Kabla ya kujenga chemsha kipande cha plaiwudi sufuriani saa moja, kikiachana matabaka usikijengee boti.

Mgongo unang'aa, safi, laini kama kioo? Epoksi haikushika kabisa. Umepaka juu ya utando bila kuosha, au juu ya koti gumu bila msasa, au mbao ilipigwa randa ikang'aa ukaacha hivyo hivyo. Na kama ulitumia poliesta badala ya epoksi, hii ndo tabia yake kwenye mbao, inashika miezi miezi halafu inaachia karatasi nzima. Poliesta ni nzuri kwa boti ya faiba tupu, kwa mbao haina mkono.

Mgongo una unyevu, mbao chini ni nyeusi, ina harufu ya kuoza? Uliifunga na maji ndani, au maji yameingia baadae kwa tundu la skrubu. Mbao ya kupaka epoksi iwe na unyevu wa asilimia 12 mpaka 15, ikivuka 18 acha. Huna kifaa cha kupimia? Kata kipande kidogo, pima kwa ile mizani ya jikoni, kiweke kwenye oveni nyuzi 100 hivi, kipime kila baada ya muda mpaka uzito usibadilike tena. Ulichopoteza gawanya kwa uzito mkavu. Kilikuwa gramu 115 kimebaki 100, hiyo ni asilimia 15, twende. Kilikuwa 130 kimebaki 100, irudishe kivulini ikae na upepo. Mbao iliyokauka juu tu kwa jua la wiki moja ndani bado mbichi, na mtumbwi wa mwembe ambao ulikuwa unaelea mwezi uliopita ndo usiuguse, hilo gogo nene lina maji ya miezi.

Mgongo unateleza na una harufu ya sifa, yale mafuta ya papa ya kupakia vyombo? Aa, hapo ndo penye kazi. Chombo kilichopakwa sifa miaka, mafuta yameingia mpaka ndani kabisa, ukifuta kwa asetoni juu panakauka unafurahi, jua likipiga mafuta yanapanda tena. Chumvi nayo vile vile ikikauka ndani inavuta unyevu. Nimeona watu wanachoma juu kwa moto, wanapiga msasa mpaka vumbi linajaa uwanja, na bado. Kabla hujanunua lita hata moja fanya jaribio: kipande cha faiba upana wa vidole vitatu, kibandike kwa epoksi pale unapopatilia shaka, mkia uache mkavu. Siku mbili baadae vuta mkia kwa koleo kwa nguvu. Kikitoka na nyuzi za mbao, endelea na kazi. Kikitoka kisafi, achana na faiba kwa chombo hicho, endelea na sifa yako. Jaribio hili fanya pia kwa msaji (mtiki), una mafuta yake ya asili, ufute kwa asetoni na upake hapo hapo.

MASHUA YA MBAO ZA KUPIGILIA

Kila mwaka kuna mtu anataka kuvisha faiba mashua ya zamani inayovuja. Nasema wazi, usifanye. Mashua ya mbao zilizopigiliwa kwenye mataruma (mbavu za chombo) na kutiwa kalafati (pamba ya kuziba nafasi kati ya mbao) imeundwa ili mbao zivimbe ndani ya maji zibanane, ndo inavyokaa bila kuvuja. Zinavimba, zinasinyaa, kila mbao inakwenda kivyake. Faiba nyembamba juu yake inapasuka kwenye kila mstari wa kalafati, maji yanaingia nyuma yake hayatoki, misumari inaoza huko ndani huoni, na siku utakayobandua utakuta mbao unazichota kwa kijiko. Mafundi wa Nungwi wanaijua kazi yao, kalafati mpya kwa pamba, shahamu (mafuta ya mnyama na chokaa) chini, chombo kinarudi baharini kwa gharama ndogo kuliko kopo la epoksi.

Ngalawa na mtumbwi wa gogo moja una afadhali kidogo kwa sababu hauna maungio mengi, ila ukiziba nje tu ukaacha ndani wazi, maji ya mvua na ya samaki yanaingia ndani yanakaa, nje hayana njia. Ziba pande zote mbili mbao ikiwa kavu, au usizibe kabisa.

IMEPASUKA AU IMEINUKA KWENYE KONA

Faiba haipendi kona kali. Kona ya nje iviringe kwa randa na msasa mpaka iwe kama duara la kidole gumba, kona ya ndani ijaze puti ya epoksi na vumbi la mbao uipitishie mgongo wa kijiko. Ukikuta hewa ndefu imelala kwenye kona, ndo hiyo, kata, viringa, weka ukanda mpya. Kwenye kona za chini weka ukanda mara mbili.

VIJISHIMO VYA DUARA, EPOKSI INAKIMBIA

Umepaka, na epoksi inajitenga inaacha viduara mbao inaonekana. Kuna mafuta, nta au silikoni hapo. Kompresa inayotema mafuta, kitambaa kilichofutia gari, na jasho, jamani jasho, unainama unapaka na jua la Zanzibar tone linadondoka. Funga kitambaa kichwani. Ikiwa bado mbichi futa sehemu hiyo kwa asetoni upake upya, ikishaganda piga msasa 80, osha, futa, paka.

INAGEUKA NJANO, INATOA UNGA

Jua. Epoksi peke yake haivumilii jua, miezi michache inafifia, inapata unga juu, halafu nyuzi zinaanza kutokeza. Lazima ifunikwe na rangi, au vanishi yenye kinga ya jua ukitaka mbao ionekane, na hiyo vanishi ujiandae kuirudia kila mara. Kwa boti ya kazi piga rangi nyeupe, hata joto inapunguza. Rangi nyeusi au bluu iliyokoza kwenye jua letu inapasha epoksi mpaka inalegea.

Na kama rangi ya mafuta uliyopaka juu ya epoksi haikauki, inanata wiki nzima, hilo tatizo si rangi mbovu. Epoksi ilikuwa bado haijaiva au haikuoshwa, mabaki ya hadina yanazuia rangi ya mafuta kukauka. Ipe epoksi wiki moja kamili, osha, msasa, tanguliza praima ya epoksi. Hiyo wiki moja ndo pia muda wa kusubiri kabla ya kushusha majini. Usipake jelikoti ya poliesta (lile koti la nje la boti za faiba) juu ya epoksi, inaweza isishike vizuri.

MIKONO INAWASHA

Dalili hii haipo kwenye boti ipo kwako. Epoksi mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara mwili unaikataa, inaanza vipele vya mikononi, halafu usoni, na ukishafika hapo ndo basi, kila ukiikaribia unavimba, wapo mafundi wameacha kazi. Glovu kila siku na uzibadilishe zikichanika. Usioshe mikono kwa asetoni au thina, zinapitisha kitu ndani ya ngozi, tumia sabuni na maji. Vumbi la epoksi changa ni baya kuliko la iliyoiva, na vumbi la faiba lenyewe linakwaruza kifua, vaa barakoa ya vumbi iliyobana, leso mdomoni haisaidii, na watoto wakae mbali wakati wa msasa.

MAJI YANAINGIA NA HUONI PASUO

Angalia skrubu. Kila tundu ulilotoboa baada ya kuvisha faiba limefungua mbao, maji yanatambaa ndani kati ya faiba na mbao, yanatokea kwengine kabisa, kwa hiyo usitafute pale yanapodondoka. Toa skrubu, toboa tundu pana zaidi, kausha, jaza epoksi iliyotiwa vumbi la mbao, ikiganda toboa upya katikati kwa saizi ya skrubu. Sasa skrubu imezungukwa na epoksi, mbao haioni maji. Fanya hivyo hivyo kwa kila kitu kinachopita, mhimili wa usukani, boliti za mashine, mashimo ya kamba.

Na angalia chini. Sisi maji yakitoka boti inalala, wakati wa bamvua (siku za maji makubwa) maji yanashuka zaidi ya mita 3, boti inakaa kwenye mchanga na mawe mara mbili kwa siku, inaburutwa, inageuzwa. Faiba ya gramu 200 kwenye mkuku haihimili hayo hata kidogo, inasagika mpaka mbao, na hapo maji yanaanza kupanda kwenye nyuzi. Weka matabaka matatu kwenye mkuku na kwenye ubavu unaolalia, halafu juu yake ubao wa kuvaa uliofungwa kwa skrubu zilizojazwa epoksi kama nilivyosema. Ubao ukilika unabadilisha ubao, faiba huigusi.